Mtihani wa mwaka jana, tarehe ya mwaka huu: uchambuzi wa kisa cha folda moja ya shule

Kisa hiki ni cha Julai 2023, kwenye shule moja ya sekondari ya binafsi mkoani Morogoro. Siku ya Fizikia katika mtihani wa mock, watahiniwa wa kidato cha nne waligawiwa karatasi, wakasomewa maelekezo, wakaruhusiwa kuanza. Muda si mrefu binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, huu tumeshaufanya."

Alikuwa sahihi. Ulikuwa mtihani wa mock wa 2022, swali kwa swali, pamoja na mchoro wa saketi uliokosewa mshale. Walikuwa wameufanya kwenye makundi yao ya kujisomea na kuusahihisha wenyewe. Lakini juu ya karatasi paliandikwa Julai 2023, na tarehe ilikuwa ya siku ile ile. Wapo waliogundua tangu swali la kwanza na wakaamua kukaa kimya. Siwalaumu.

Mtihani ukasitishwa, karatasi zikakusanywa, Fizikia ikasogezwa hadi Jumamosi. Ofisini lawama zikaenda kule zinakokwenda siku zote: kwa mhazili, maana ndiye aliyechapa na kudurufu. Mkuu wa shule yeye alikuwa na maelezo mengine. Aliamini ni kirusi. Faili la mwaka jana litajibadilishaje tarehe lenyewe? Mimi ndiye ninayeitwa hapo kompyuta zinapogoma, kwa hiyo nikapigiwa simu nije na dawa ya virusi.

Virusi nilivikuta, vile vya kawaida vya flashi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake. Havikuwa na habari yoyote na Fizikia. Kilichobadilisha tarehe ni mikono ya watu watatu waliokuwa wakifanya kazi yao vizuri tu, juu ya faili ambalo jina lake halikumwambia yeyote kati yao kitu cha maana.

Kilichokuwamo ndani ya folda

Kwenye deskitopu ya kompyuta ya mhazili palikuwa na folda inayoitwa MITIHANI. Mitihani yote ya shule iliishia humo, ya madarasa yote, ya miaka kadhaa. Faili za Fizikia zilizohusika na mock hii zilikuwa hizi:

PHYSICS MOCK.docx
PHYSICS MOCK final.docx
PHYSICS MOCK final (2).docx
Physics mpya ya mwl.docx
DOC-20230714-WA0011.docx

Msomaji akisimama hapa akajaribu kubahatisha lipi ndilo lililopaswa kuchapwa, atakuwa kwenye kiti cha mhazili asubuhi ile, tofauti yake ikiwa kwamba mhazili alikuwa na mashine ya kudurufu inayomsubiri na mwalimu wa zamu mlangoni.

Jibu ni lile la mwisho. Mwalimu wa Fizikia alimalizia kutunga nyumbani kwenye kompyuta mpakato yake, akamtumia mwalimu wa taaluma kwa WhatsApp. Mara nyingi faili linalopita njia hiyo hadi kwenye simu ya Android hufika likiwa limevuliwa jina na kuvikwa jingine: aina yake, tarehe, herufi WA, na namba ya mfululizo. Mwalimu wa taaluma akalihamisha kutoka simu kwenda kompyuta kwa waya, jinsi lilivyo, kisha akamwambia mhazili, "Dada, Fizikia nimeshaiweka humo." Ni kweli aliiweka. Ila humo mlikuwa na faili nne zenye kusema Fizikia, na moja isiyosema, na hiyo moja ndiyo aliyokuwa akiizungumzia.

Sasa lile la juu kabisa, PHYSICS MOCK. Hili ndilo lililokuwa mtihani wa 2022. Wiki kadhaa kabla, mwalimu wa Fizikia alilifungua hapo hapo ofisini ili aanzie kwenye kichwa kilichokwisha kupangwa: nembo, jina la shule, muda, maelekezo, orodha ya thamani za kutumia. Akabadilisha 2022 kuwa 2023, akaweka tarehe mpya, na kwa mazoea ya vidole akabonyeza Ctrl na S, yaani hifadhi. Ndipo akakumbuka kwamba hilo ni la mwaka jana na halitakiwi kuguswa. Akahifadhi kwa jina jipya, ndiyo ile "final", akaendelea kufuta maswali na kuandika mengine humo. Kwake alikuwa ameshajirekebisha. Lakini kichwa kipya kilikuwa kimeshakaa juu ya maswali ya zamani, na jina lilikuwa lile lile.

Pigo la mwisho lilikuja jioni ya kuamkia mtihani. Mwalimu wa taaluma, akiwa makini, alifungua PHYSICS MOCK alinganishe kichwa chake na cha faili alilotumiwa. Alipofunga, Word ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko. Nani husema hapana? Akabofya ndiyo. Kuanzia sekunde hiyo faili la zamani kuliko yote likawa ndilo lenye saa mpya kuliko yote kwenye safu ya kuonyesha lini limebadilishwa.

Mhazili alifanya kile ambacho ningefanya mimi. Alipanga folda kwa tarehe ya mabadiliko, lililobadilishwa mwisho likaja juu. Jina lake lilisema Fizikia, lilisema mock. Akalifungua, akasoma kichwa: mwaka sahihi, tarehe sahihi, kidato sahihi. Akachapa. Kila alama aliyokuwa nayo ilimwelekeza pale pale, na zote zilikuwa za uongo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi huiamini ile safu ya tarehe kuliko wanavyoyaamini majina. Tarehe ya mabadiliko haisemi kazi iliyomo ndani ni ya lini. Inasema mara ya mwisho mtu alibonyeza hifadhi, hata kama alichobadilisha ni nafasi moja tu kati ya maneno. Tarehe ya kuundwa nayo ina vituko vyake: ukinakili faili kutoka flashi kwenda kompyuta ya Windows, nakala hupewa tarehe ya kuundwa ya leo, huku tarehe ya mabadiliko ikibaki ile ya zamani. Ndiyo maana unaweza kukuta faili ambalo, kwa maelezo ya kompyuta, lilibadilishwa mwezi mzima kabla ya kuzaliwa. Tarehe unayoweza kuitegemea ni ile iliyoandikwa ndani ya jina na mtu aliyekusudia kuiandika.

Kabati la mhazili

Ili kuthibitisha kwamba karatasi iliyochapwa ni ya 2022 kweli, tulihitaji nakala halisi ya 2022. Kwenye kompyuta haikuwepo tena, ilikuwa imefunikwa na kile kichwa kipya. Mhazili akainuka, akafungua kabati la chuma nyuma yake, akavuta jalada moja, akalifungua katikati na kuniwekea karatasi mezani. Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja.

Nikaomba niliangalie kabati lenyewe. Alisomea uhazili Tabora, kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma, na kabla ya kuja shuleni alifanya kazi kwenye masjala ya ofisi ya serikali. Kila jalada lilikuwa na namba na jina la mada mgongoni. Kila karatasi ndani ilikuwa na namba ya folio pembeni juu, iliyozungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na folio 14 ilikuwa baada ya 13 bila mjadala. Jalada lililojaa lilifungwa, likaandikwa limefungwa lini, likafunguliwa juzuu la pili. Barua za siri zilikaa kwenye droo yenye ufunguo wake, kama ilivyo masjala ya wazi na masjala ya siri huko serikalini. Hapakuwa na jalada hata moja lililoitwa "jipya".

Mtu yule yule, chumba kile kile, umbali wa hatua mbili. Upande mmoja utaratibu ambao ungeweza kukabidhiwa kwa mgeni na akaumudu kesho yake, upande wa pili "final (2)". Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba kabati ni lake, kompyuta ni ya kila mtu. Walimu huja na flashi, wanabandika, wanaondoka. Hakuna mwalimu anayefungua kabati na kusukumia karatasi popote anapoona nafasi, maana funguo anazo yeye. Nadhani hapo alieleza tatizo lote kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kulieleza kwa Mkuu. Nilikuwa nimekuja na wazo la kuwafundisha walimu kutaja faili. Nikaliweka pembeni kwanza, tukaanza na swali la nani anaruhusiwa kuingiza kitu na kupitia mlango upi.

Mwaka kwanza au somo kwanza?

Tulikaa ofisini: Mkuu, mwalimu wa taaluma, mhazili, mwalimu wa Fizikia ambaye alikuwa bado hajapoa, na mimi. Ubishi wa kwanza ulikuwa mpangilio wa folda, na ulikuwa ubishi mzuri.

Walimu wa masomo walitaka folda ya kila somo. Hoja yao ina uzito. Mwalimu anayetunga mtihani hutaka kuona maswali ya umeme ya miaka yote, asirudie la mwaka juzi. Kwake kila kitu cha Fizikia kukaa pamoja ni nafuu kubwa. Mwalimu wa taaluma alitaka folda ya kila mtihani: mock ya Julai, mtihani wa muhula, ya nusu muhula, ndani yake masomo yote. Kwake mtihani ni tukio, nalo linahitaji kukamilika. Akifungua folda anataka ahesabu masomo yaliyofika na kujua nani bado hajaleta.

Faili haliwezi kukaa folda mbili bila kuwa nakala mbili, na nakala mbili ndizo zilizotuleta hapo. Kwa hiyo ilibidi mmoja ashinde. Kipimo nilichopendekeza ni hiki: folda imfuate yule anayetafuta akiwa na haraka, ambaye akikosea madhara hayarudishiki, na jina la faili limhudumie yule mwingine. Mwalimu anayetafuta maswali ya zamani ana muda, anaweza kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na akapewa orodha. Mhazili saa moja asubuhi hana. Tukio likashinda, na somo likaingia ndani ya jina kwa namna ambayo kisanduku cha kutafutia hakitalikosa.

Ngazi kuu tukazifanya tatu tu: MITIHANI, chini yake mwaka, chini yake mtihani wenyewe. Sababu yake tulikuwa nayo mezani. Folda moja ya zamani ilikuwa imenakiliwa ndani yake yenyewe mara kadhaa, "Mitihani ya shule mwaka 2021" ndani ya nyingine yenye jina hilo hilo, hadi ikagoma kunakiliwa kwenye diski ya nje. Kwa kawaida Windows haikubali njia nzima ya faili, yaani jina pamoja na folda zote zilizolitangulia, ivuke herufi 260. Majina marefu ndani ya folda zenye majina marefu hufika huko upesi kuliko mtu anavyodhani.

Jina lenyewe

Somo tungeliandikaje ndani ya jina? PHYSICS, Physics, Fizikia, PHY: kila mwalimu na yake. Mwalimu wa Hisabati, aliyekuwa amepita tu kuchukua chaki, ndiye aliyetoa jibu. Tumieni namba za NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, akasema. Kila mwalimu wa sekondari anazijua kwa kichwa kwa sababu anaziona kwenye karatasi za Taifa kila mwaka: 011 Civics, 021 Kiswahili, 031 Physics, 032 Chemistry, 033 Biology, 041 Basic Mathematics. Hazina herufi kubwa wala ndogo, hazina Kiswahili wala Kiingereza, zote zina tarakimu tatu. Nilitamani ningekuwa nimelifikiria mimi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo. NECTA huandika karatasi ya kwanza ya Fizikia 031/1. Windows haikubali mkwaju ndani ya jina la faili, kama isivyokubali nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, mstari wa wima, mkwaju wa kinyume na zile alama mbili za pembe. Mkwaju ukageuka kistari. Jina likawa hivi:

2023-07_K4_MOCK_031-1_v03.docx

Mwaka na mwezi vimetangulia kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kusoma herufi moja moja kutoka kushoto. Ukianza na siku, kama tulivyozoea kuandika barua, faili la 01-12-2023 litakaa juu ya 14-07-2021, na Desemba ya mwaka mmoja itajipenyeza kabla ya Julai ya miaka miwili nyuma. Ukianza na mwaka, mpangilio wa majina na mpangilio wa wakati vinakuwa kitu kimoja. Kipo kiwango cha kimataifa kinachosema hivyo, ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza 1988, ingawa pale ofisini hakuna aliyehitaji kiwango. Nilibadilisha majina matano mbele yao na wakaona yanavyojipanga.

K4 ni kidato cha nne. Mwalimu mmoja alitaka F4, kwa kuwa kila mtu husema fom foo. Tulipiga kura.

Sifuri ya mbele kwenye v03 ilileta maswali. Windows ya siku hizi inajua kwamba 2 hutangulia 10, kwa hiyo kwenye kompyuta ya mhazili v2 na v10 zingekaa vizuri hata bila sifuri. Lakini programu nyingine nyingi hazina akili hiyo na zitaweka v10 kabla ya v2. Sifuri haigharimu kitu.

Nafasi kati ya maneno tuliziondoa, tukaweka mstari wa chini kati ya sehemu na kistari ndani ya sehemu. Jicho linazoea upesi: mistari ya chini minne, sehemu tano.

Na neno "final" likapigwa marufuku, pamoja na "mpya", "sahihi" na "tumia hii". Maneno haya ni ya kweli kwa saa kadhaa tu. Mwalimu anapoandika "mpya" anajieleza yeye mwenyewe wakati ule, na siku tatu baadaye kuna jipya zaidi. Namba ya toleo haizeeki. Haidai kwamba v03 ni la mwisho, inasema tu kwamba limekuja baada ya v02.

Mlango mmoja wa kuchapia

Jina zuri peke yake lisingezuia kisa cha Julai. Mwalimu angeweza kabisa kufungua 2022-07_K4_MOCK_031-1_v02.docx, akabadilisha kichwa, akabonyeza Ctrl na S. Jina lingekuwa safi na faili limeharibika vile vile. Hili ndilo nililolisisitiza zaidi, na ndilo lililopokelewa kwa uvivu zaidi kwa sababu halionekani kuwa la kupanga faili.

Kwanza tuliondoa sababu ya mwalimu kugusa mtihani wa mwaka jana. Alikuwa anautaka kwa ajili ya kichwa tu. Tukatengeneza kiolezo cha Word, faili la dotx, chenye nembo, maelekezo na nafasi za kujaza. Ukilibofya mara mbili faili la aina hiyo, Word hufungua waraka mpya usio na jina. Ukibonyeza hifadhi itakuuliza uuite nani. Vidole vyenye mazoea haviwezi kuharibu chochote.

Pili, mtihani ukishafanyika, faili zote za folda yake huwekwa alama ya kusomwa tu. Unazichagua zote, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua sifa zake, unatia tiki. Word itafungua faili hilo lakini itakataa kuhifadhi juu yake, itakutaka utoe jina jingine. Ni kufuli dogo ambalo mtu akitaka anaweza kulifungua, lakini anayelifungua atakuwa anajua anachofanya.

Tatu, ndani ya folda ya kila mtihani kuna folda mbili ndogo, KAZI na TAYARI. Matoleo yote ya Word hukaa KAZI. Mwalimu wa taaluma akishapitisha, huhifadhi nakala ya PDF ndani ya TAYARI, na jina la PDF halina namba ya toleo. Kwa hiyo faili la pili la somo hilo hilo haliwezi kukaa humo bila kompyuta kuuliza kama lichukue nafasi ya la kwanza. Mhazili anachapa kilichomo TAYARI. Kama hakipo, hachapi, hata Mkuu akimpigia. PDF ilituondolea na kero nyingine ya siku nyingi: milinganyo ya Hisabati na michoro iliyokuwa ikihama ukurasa kila faili la Word lilipofunguliwa kwenye kompyuta yenye fonti tofauti.

Na funguo za kabati? KAZI inafunguka kwa watu wawili, mwalimu wa taaluma na mhazili. Mwalimu wa somo akileta mtihani anaupeleka kwa mmoja wao, ambaye anaupa jina mbele yake kabla haujaingia. WhatsApp ilikatazwa kwa mitihani, na hapo sababu ya usiri ilikuwa nzito kuliko ya majina. Lakini hata barua na ratiba zinazoingia kwa njia hiyo sasa hupewa jina kabla ya kuhifadhiwa, maana baada ya wiki hakuna anayekumbuka WA0011 ilikuwa ya nini.

Mhazili aliongeza rejesta, jambo ambalo sikuwa nimelipanga: jedwali la Excel lenye tarehe ya kupokea, jina la faili, aliyeleta, aliyepitisha. Ni folio zake zile zile. Siku ya kwanza alipoandika 031 kwenye safu ya somo, Excel ikaandika 31. Ilibidi safu nzima ibadilishwe iwe ya maandishi. Hayuko peke yake: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha baadhi ya majina, ikiwemo MARCH1 iliyogeuzwa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyasoma kama tarehe na kuyaharibu kwenye majedwali ya watafiti.

Mambo ya zamani

Mwalimu wa Fizikia alijitolea kubadilisha majina ya faili zote za miaka ya nyuma wakati wa likizo. Nilimzuia. Kazi hiyo huanza kwa ari, hufika robo, huachwa, na folda iliyobadilishwa robo ni mbaya kuliko isiyoguswa kabisa, kwa sababu hujui tena ni kanuni ipi inayotawala. Tulihamisha kila kitu kwenye folda moja, ZAMANI_hadi-2023-07, tukaifanya ya kusomwa tu, tukaiacha na fujo yake. Anayehitaji kitu humo anakitafuta, akikipata anakinakili mahali papya kwa jina jipya. Vinavyohitajika kweli vitajihamisha kidogo kidogo. Vingine havijauliziwa na mtu hadi leo.

Nakala ya akiba iko kwenye diski ya nje inayokaa kwenye droo ile yenye ufunguo, nyingine anayo Mkuu nyumbani. Mhazili huzisasisha kila Ijumaa.

Muhula uliofuata

Mtihani wa kufunga mwaka ulikwenda bila kisa, ingawa si kwa sababu walimu walibadilika. Wengi bado huleta flashi zenye "mtihani mpya final". Mwalimu wa Kemia alileta faili lililoitwa "aaaa", ili likae juu ya orodha. Tofauti ni kwamba majina hayo sasa yanaishia mezani kwa mhazili. Niliwahi kumsikia akimwambia mwalimu mmoja, kwa upole kabisa, "Mwalimu, hili nimelipokea, ila humu halitaingia likiitwa hivyo." Mwalimu akacheka, akasimama pembeni akiangalia linavyoandikwa upya.

Palipotushinda ni mitihani ya ujirani mwema, ile inayotungwa na shule kadhaa kwa kugawana masomo. Kila shule hutuma kwa mtindo wake. Moja huleta masomo yote ndani ya faili moja la Word, nyingine huleta picha zilizopigwa kwa simu zikiwa na kivuli cha mpigaji. Tulijaribu kuwapelekea kanuni yetu. Shule mbili zikaifuata, nyingine zikatujibu kwamba zina ya kwao. Kwa sasa mhazili huongeza herufi tatu za shule iliyotunga mwishoni mwa jina, huandika kwenye rejesta faili lilivyokuja likiitwa, na zile picha za simu huzichapa upya kwa mkono mwenyewe. Mwalimu wa taaluma anataka shule inayotuma picha inyimwe somo la kutunga mwaka unaokuja. Mkuu anaona hilo litaharibu ujirani.